Nusu Dakika Katika Maji Vuguvugu

Nianze kwa ombi. Acheni kunipigia simu kuniuliza kile kifaa cha Daktari Kabula kilikuwa kinaona dhahabu umbali gani. Hakikuwa kinaona dhahabu. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Katoro alinipigia mara nne. Mara ya kwanza nilimweleza vizuri. Mara ya pili nilimweleza vizuri zaidi. Mara ya nne akaniambia, "Shikamoo tena mzee wangu. Najua walikuapisha, lakini nitajie hata herufi ya kwanza ya duka kinapouzwa." Nilimkatia, na mimi si mtu wa kukatia watu simu.

Kile kifaa kilikuwa kinahisi joto. Dhahabu iliyolala ndani ya mwamba ina joto lile lile la mwamba wake, kwa hiyo mbele ya kifaa kile dhahabu na jiwe la kusugulia miguu ni kitu kimoja. Nimeshalisema hili sokoni, nimelisema kanisani, nimelisema hata msibani, na bado kuna mtu atakayeruka mistari hii akitafuta bei.

Wanaohusika hasa ni ninyi mnaokuja Mhunze mwezi ujao kujifunza kutunza mtungi. Daktari Kabula anarudi na kifaa kipya na ameniomba niwafundishe. Amesema mna vyeti. Mimi niliishia kidato cha nne, na sina ugomvi na vyeti vyenu. Lakini kabla hamjanipa shikamoo ya kwanza, jueni mnampa nani. Kifaa cha kwanza nilikiua mimi, kwa mikono yangu hii, nikakaa kimya miaka tisa.

Kazi yangu ilikuwa ya ng'ombe. Nilikuwa mtunza mtungi wa wahimilishaji, wale wanaopandikiza mbegu za madume bora kwa majike ya wafugaji. Mbegu hukaa kwenye mirija myembamba kama ya kunywea soda, na mirija hukaa ndani ya mtungi wenye naitrojeni. Hiyo ni hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, baridi yake karibu nyuzi mia mbili chini ya sifuri. Ikiisha, mbegu zote zimekufa, na mfugaji aliyesubiri jike lake lipate joto la kupandwa atasubiri tena wiki tatu huku akikutazama vibaya mnadani.

Aliyenifundisha alikuwa bwana mifugo Nkwabi, marehemu sasa. Hakuwa mpole. Siku ya kwanza alinituma nipime kina cha naitrojeni, nami nikajiona mjanja, nikachukua kipande cha mwanzi. Mwanzi una tundu katikati. Ile baridi ilipogusana na mwanzi wenye joto la kawaida ikachemka, ikapanda kupitia lile tundu, ikanirukia usoni. Nilipiga kelele, mbuzi wa jirani wakakimbia. Nkwabi hakuuliza kama nimeumia. Aliuliza, "Uliambiwa mwanzi?" Nikasema hapana. "Uliambiwa nini?" Fimbo, bwana. "Basi lete fimbo."

Kwa hiyo fimbo. Isiyo na tundu. Izamishe, hesabu mpaka kumi, itoe, ipunge hewani. Barafu nyeupe itakayoshika fimbo ndiyo kina chako. Kizibo cha mtungi hakikazwi, kinakaa tu, kwa sababu naitrojeni hupumua muda wote, na ukiizuia kupumua itatafuta njia yake, na njia hiyo inaweza kuwa kifua chako. Ukiubeba kwenye gari fungua madirisha, hata kama vumbi la Kishapu linawajaza masikio. Ile hewa haina harufu, inafukuza ile unayoivuta, unalala usingizi mzuri sana, huamki. Na msichomeke suruali ndani ya buti. Tone likiingia humo halina pa kutokea. Mtacheka sasa, halafu mtachomeka suruali, nawajua.

Jambo kubwa alilonifundisha Nkwabi lilikuwa kuyeyusha. Mrija ukitolewa kwenye mtungi unatumbukizwa haraka katika maji vuguvugu, joto la mwili, nusu dakika. Kisha unaufuta ukauke kabisa, maana tone la maji likiifikia mbegu, imekufa. Nilikuwa natembea na chupa ya chai yenye maji ya moto, kopo, kipimajoto na kitambaa safi cha pamba. Nimelifanya jambo hilo miaka mingi, mvuani, juani, zizini, ng'ombe akinipiga mkia usoni. Mikono ikazoea, ikawa haiulizi tena kichwa.

Likumbukeni hilo la mikono.

Daktari Kabula alipokuja Mhunze alifuata mtungi, si mimi. Ni binti wa huku huku Kishapu aliyesoma mpaka akafundisha chuo kikuu, na kifaa chake kilihitaji naitrojeni, na waliokuwa na naitrojeni huku ni watu wa ng'ombe. Alinikuta nafua nguo za kazi. Akapiga goti kidogo, "Shikamoo, Baba Limi." Marahaba. "Nimeambiwa wewe ndiye mwenye baridi." Nikampenda papo hapo.

Ndani ya kifaa chake kulikuwa na kipande cha kioo kigumu, kidogo kuliko ukucha, na juu yake utando mweusi unaong'aa, mwembamba kuliko unywele mara mamia. Utando wenyewe ulichongwa njia moja inayopindapinda kama mto. Pembe zake nne zilishikwa na nyaya nne za dhahabu ambazo huzioni mpaka uziinamie. Hiyo ndiyo dhahabu pekee iliyowahi kuwemo, na haitoshi kuziba jino la panya.

"Kila waya unazuia umeme kidogo," alinieleza. "Huu utando ni wa udongo wa kuchomwa, kama chungu tu, ila wenye shaba na madini mengine. Ukiupoza mpaka karibu na baridi ya mtungi wako, unaacha kuzuia umeme kabisa. Sifuri. Mimi siupozi mpaka mwisho. Nauweka mpakani, pale unapotaka kuacha na bado haujaacha. Hapo joto dogo likiugusa, unashtuka, na mimi nauona ukishtuka kwenye karatasi inayochorwa na kalamu ya kifaa."

"Kama mama mkwe," nikamwambia.

"Kama mama mkwe aliyeketi mlangoni," akasema.

Joto analolitafuta linatoka kwenye kila kitu, hata kwako wewe unayesoma. Ni miale isiyoonekana, iliyopita wekundu wa mwisho ambao jicho linauweza, na yake ilikuwa ya mbali zaidi, ndiyo wanaita infraredi ya mbali. Uzuri wa ile ya mbali ni kwamba moshi na vumbi haviizuii sana kama vinavyozuia mwanga wa tochi. Mbele ya kifaa alifunga feni ndogo yenye mapanga mapana, izibe na kuzibua, izibe na kuzibua, ili kifaa kijue lipi ni joto la mtu na upi ni uchovu wake chenyewe. Dirisha lake lilikuwa la plastiki nyeupe kama ya kidumu cha mafuta. Huoni kitu. Joto linaona.

Alitaka kukitumia kutafuta watu ndani ya moshi. Na hapa anaingia Masanja wa Mwakitolyo.

Masanja alikuwa msimamizi wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na mzaha haukumtoka mdomoni hata akiumwa. Lakini mdogo wake alifia kwenye njia ya chini ya ardhi iliyojaa moshi, magogo ya kushikilia kuta yaliposhika moto. Waliokwenda kumtafuta walipita hatua mbili kutoka alipolala, wenye tochi, wakarudi wakasema hayupo. Masanja alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo Kabula alipoomba mahali pa kufanyia majaribio, Masanja akampa njia moja ya zamani isiyochimbwa tena, akamfagilia na mlango.

Jaribio la kwanza sitalisahau. Tulichoma majani mabichi mpaka njia ikawa nyeupe, tochi inaishia kwenye kiwiko chako mwenyewe. Masanja akajifunga kitambaa chenye maji puani, akaingia ndani kidogo, akasimama. Kabula akakigeuza kifaa polepole kushoto, katikati, kulia. Kalamu kwenye karatasi ilikuwa inatembea bapa. Ilipofika kulia ikaruka juu, ikakaa huko huko.

"Masanja!" Kabula akapiga kelele. "Uko kulia, umeegemea ukuta!"

Sauti ikatoka ndani ya moshi, "Daktari, hicho kitu usikilete nyumbani kwangu." Akatoka anakohoa na kucheka, akaja akaitazama karatasi. Akaweka kidole pale kalamu iliporuka. "Huyu ni mimi?" Ni wewe. Hakufanya mzaha tena. Akasema, "Nitamwambia mama kipo kinachoona mtu ndani ya moshi," akaondoka.

Wakubwa waliokuwa wakiulipia mradi wangekuja wiki ileile waone kwa macho yao. Utando mzuri ulikuwa mmoja. Mingine aliyokuja nayo haikuwa mizuri, ilipofika mpakani ililegea tu.

Kabula alinipa sheria moja, na aliirudia kila siku kama mama anayemwachia mtoto jiko. "Baba Limi, kikiwa baridi hakifunguliwi. Ukikifungua, unyevu wa hewa unakimbilia kwenye utando, unaganda. Na huu utando hauogopi kitu kama maji. Maji yanaula. Ukitaka kukifungua, kiache kipate joto chenyewe, hata kama ni siku nzima." Nilisema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa.

Siku mbili kabla ya wageni alikwenda Shinyanga mjini kutafuta mafuta ya pampu ya kunyonya hewa. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, hewa nzito. Nilibaki na kifaa, kimepozwa, kinangoja. Saa nne asubuhi wachimbaji wakaja, zaidi ya thelathini, wametoka kwenye karasha la kusagia mawe, weupe kwa vumbi mpaka kope.

"Mzee, tumesikia hiki kitu kimeona mkanda wa dhahabu kwenye njia ya zamani."

"Kimemwona Masanja," nikasema.

"Masanja ana dhahabu?"

"Muulizeni mkewe."

Walicheka, hawakuondoka. Mmoja akasema daktari atakuja na kampuni, awatoe. Mwingine akasema aliona kwa macho yake waya za dhahabu zikiingizwa humo ndani, na dhahabu huitwa na dhahabu mwenzake. Wakaanza kusogea. Mmoja akaweka mkono kwenye pampu. Masanja akanivuta kando.

"Baba Limi, wafungulie waone hakuna kitu. Wakiondoka na hasira, mimi ndiye ninayebaki nao."

"Daktari amekataza."

"Daktari yuko mjini. Hawa wako hapa."

Ningeweza kusema subirini kipate joto, jioni mtaona. Ningeweza kukaa juu ya kile kifaa kama kuku. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuwa mtu mkubwa pale, naitwa fundi, naitwa mwenye baridi, na mtu mkubwa anapoombwa mbele ya watu anataka aonekane anaweza. Nikafungua koki, hewa ikaingia ikifoka. Nikalegeza kifuniko. Wakainama wote kwa zamu, pumzi zao thelathini na kitu juu ya ule utando.

"Hiki tu?" mmoja akauliza, kana kwamba nimemdhulumu. "Hata simu yangu kubwa." Wakaondoka wakibishana juu ya jambo jingine kabisa. Ndivyo walivyo! Dakika kumi nzima waliapa kwa makaburi, dakika ya kumi na moja wanazungumzia mpira.

Nilipotazama ndani, utando haukuwa mweusi. Ulikuwa mweupe wa barafu, kama uliomwagiwa unga.

Sikilizeni sasa. Sikufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe kwenye mkoba. Chupa ya chai, kopo, kipimajoto. Nikachanganya maji mpaka joto la mwili. Nikafungua skrubu mbili, nikachomoa kibamba cha shaba chenye utando wake, nikakizamisha. Nikahesabu nusu dakika, taratibu, sawasawa. Nikakitoa. Nikafuta katikati kwa kitambaa safi cha pamba, nikizikwepa zile nyaya nne kwa uangalifu ambao Nkwabi angeusifu. Utando ukarudi mweusi, unang'aa. Nilipumua. Nilijiona nimeokoa jambo.

Mpaka nilipotazama kopo mkononi mwangu ndipo nikasikia sauti ya Kabula: maji yanaula.

Nikarudisha kila kitu. Nikawasha pampu, nikajaza naitrojeni upya. Kabula aliporudi jioni akauliza, "Mmeshindaje, Baba Limi?"

Nikasema, "Salama."

Hilo neno moja ndilo kosa. Yale ya asubuhi nayaita ujinga, na ujinga wa mikono iliyozoea unaelezeka. "Salama" haielezeki.

Kesho yake utando haukufika mpakani. Ulikuwa unateremka, unateremka, kisha unajikalia njiani kama punda aliyechoka. Masanja aliingia kwenye moshi, akasimama, kalamu ikapita bapa kushoto, katikati, kulia. Kabula akalaumu nyaya. Akazigusisha upya moja moja kwa sindano, macho mekundu. Akalaumu pampu. Akalaumu jenereta. Kisha akaanza kujilaumu mwenyewe, na hapo nilikuwa nimekaa mkono mmoja kutoka kwake, namshikia taa.

"Labda nilikosea tangu mwanzo," aliniambia. "Labda ile siku ya kwanza ilikuwa bahati."

Nikamwambia pole, mwanangu. Mshenzi mimi. Nilimpa pole.

Wageni walikuja, wakaona mstari bapa, wakanywa soda, wakaondoka kwa adabu. Mradi ukafungwa. Tulipokuwa tunapakia vyombo Masanja alikuja akauliza, "Kwa hiyo hakioni tena?" Kabula akasema hakioni. Masanja akatikisa kichwa akitazama ule mlango wa njia aliokuwa ameufagia. "Na mimi nilishamwambia mama."

Mwezi uliopita Kabula alinipigia. Ana pesa mpya, utando mpya, vijana wapya, yaani ninyi. "Baba Limi, baridi bado unayo?" Nikasema ninayo. Mke wangu, Mama Limi, alikuwa anachambua dengu, akaniona nimekaa chini bila kiti. Nikasema kwenye simu, "Daktari, kabla hujaja, kuna siku ulikwenda mjini kutafuta mafuta ya pampu." Nikamwambia yote mpaka kopo.

"Miaka tisa," akasema. "Baba Limi! Miaka tisa! Unajua niliacha kabisa utando wa aina ile? Niliwaambia wanafunzi wangu una kasoro. Niliandika! Nilikaa nimeinamia zile nyaya mpaka shingo ikapinda, na wewe unanishikia taa!"

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu leo."

"Ndiyo, daktari."

Kisha nikasikia droo inafunguliwa.

"Maji yalikuwa nyuzi ngapi?"

"Nini?"

"Maji, Baba Limi, maji! Joto lake!"

"Thelathini na saba."

"Muda?"

"Nusu dakika. Kama ya ng'ombe."

"Ya kisima au ya mvua?"

"Ya kisima. Yana chumvi kidogo."

"Ulifuta ukielekea wapi? Sema polepole, naandika." Na akaandika, anauliza, anaguna, ananikaripia, anaandika. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza.

Mwakitolyo nilikwenda mwenyewe. Masanja ana mvi sasa, kazi ya shimo ameiacha, anauza vipuri vya makarasha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi ndiye niliyekwambia ufungue."

"Hukuniambia nikae kimya."

"Hilo kweli lako peke yako." Akageuza geuza bolti mkononi. "Ile siku ya kwanza, kwa hiyo, kiliniona kweli?"

"Kilikuona kweli."

"Mama amefariki anajua nilimdanganya," akasema, akainuka kumhudumia mteja.

Juzi basi la kutoka Shinyanga lilileta bahasha. Ndani kuna ukurasa mmoja wa ripoti yake ya zamani. Pale palipoandikwa "Utando uliharibika, sababu haikujulikana," amekata maneno mawili ya mwisho kwa kalamu nyekundu, na juu yake ameandika kwa mkono: "Ulizamishwa nusu dakika katika maji ya kisima ya vuguvugu na kufutwa na mtunza mtungi, aliyedhani anauokoa. Hakusema." Chini yake: "Soma. Kama ni kweli, weka sahihi. Na nakala ibandike ndani ya kifuniko cha sanduku la mtungi, vijana waione kabla ya kugusa kizibo."

Nimesoma mara tatu nikitafuta pa kubishia. Nimebandika nakala. Ukurasa wenyewe nimeuwekea sahihi, chini ya lile neno "Hakusema," nikaurudisha kwa basi lile lile.